Yoti ikifika, nahodha aripoti kwa simu au aende ofisini?

Mwenye yoti, yaani chombo cha starehe cha baharini, anayetoka Bahamas kuingia Florida siku hizi anaweza kumalizana na forodha ya Marekani akiwa bado yuko chomboni. Anafungua programu iitwayo CBP ROAM, anaingiza pasipoti za waliomo na taarifa za chombo. Afisa akitaka kumwona uso, anampigia kwa video. Wapo wanaoambiwa waje wakaguliwe ana kwa ana, lakini wengi huruhusiwa papo hapo.

Kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, mambo bado ni ya miguu. Chombo kinapandisha bendera ya njano kuashiria kwamba hakina ugonjwa na kinaomba ruhusa ya kuingia. Nahodha anashuka peke yake, begi lenye nyaraka kwapani, na kuanza mzunguko: afya ya bandari, forodha, uhamiaji, mamlaka ya bandari. Kila meza inataka nakala yake ya orodha ya mabaharia na kile kibali cha kuondokea bandari ya mwisho. Ofisi zikiwa mbalimbali, wakala ndiye anayeneemeka.

Wanaotaka tufuate njia ya simu wana hoja. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa hicho na bara, una upana wa takriban kilomita 50 tu, ila sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 hairuhusu chombo kitokacho nje kutia nanga popote kinapopenda. Lazima kiende bandari iliyoteuliwa. Kusi ikikaza, nahodha wa yoti ya matanga akishaipita bandari hiyo, kurudi nyuma ni kazi ya kutwa nzima, na pengine ana mtoto anayetapika chumbani. Atajificha kwenye ghuba ya karibu apumzike, na hapo tayari amevunja sheria.

Upande wa pili nao hauongei hewani. Mwaka 2011 watekaji walifika kwa boti Kiwayu, kisha Manda, huko Lamu, wakaondoka na wageni. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi mbele ya pwani ya Kenya. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliilipua baharini yoti Baby Iris, iliyokuwa imekamatwa na heroini. Pwani yenye vijito vya mikoko kama ya Lamu haiwezi kulindwa kwa kumwamini kila mwenye simu.

Lakini tuulize: ule mzunguko wa ofisi unamkamata nani? Mlanguzi haandiki heroini kwenye fomu, iwe ya karatasi au ya simu. Anayemkamata ni afisa aliyepanda chomboni na kufungua sakafu, pengine na mbwa wake. Nahodha akigongewa mihuri yote bila mtu kuiona yoti yenyewe, ulinzi uko wapi? Na Marekani nayo haitegemei simu peke yake. Ina walinzi wa pwani wanaosimamisha vyombo, na asiyeripoti anaweza kutozwa faini ya dola 5,000 kwa kosa la kwanza na 10,000 kwa linalofuata.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na programu. Ningeanza na taarifa ya mapema, kama Australia inayodai ipewe angalau saa 12 kabla chombo hakijafika. Orodha ya mabaharia itangulie kwa baruapepe au hata WhatsApp, kisha maafisa wa idara zote wapande chomboni kwa pamoja, mara moja. Gharama ipo: boti ya maafisa, mafuta yake, na mtu wa zamu siku ya Jumapili. Mawakala hawatafurahi.

Na utaratibu huo usiwe wa yoti pekee. Nahodha wa jahazi la mizigo anavuka mkondo uleule, mara nyingi zaidi, na simu yake huenda ni ya vitufe. Yeye apewe namba ya kupiga, na afisa wa kuipokea.