Msiiogope "because"

Kabla sijawa mfasiri nilifanya kazi miaka mitatu kwenye steshenari moja jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Tulitoa kopi, tuliprinti, tulichapa barua. Hizo barua zilinifundisha Kiingereza kuliko darasa lolote nililokaa. Siku moja akaja kijana amevaa reflekta ya kazini, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikosa kazi siku mbili kwa kuwa mama yake alilazwa, na kazini kwao wakamtaka alete maelezo kwa Kiingereza. Alikuwa ameandika hivi: "Due to my mother was sick, that is why I did not come."

"Dada, chapa hivyo hivyo," akaniambia, "ila iwe imenyooka."

Nimeshasahau barua nyingi za pale, ile sijaisahau. Ndani ya sentensi ile moja mna karibu kila kosa tunalolifanya waswahili tunapotaka kueleza sababu kwa Kiingereza.

Kwanza, kwa nini aliikimbia "because"? Nilimuuliza. Akajibu kwamba hilo ni neno la watoto, na kwamba shuleni walikatazwa kuanza nalo sentensi. Mimi pia nilikatazwa, na nadhani wengi mnaosoma hapa mlikatazwa. Naelewa katazo hilo lilikotoka. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini hakuja shule, huandika "Because I was sick." halafu anaweka nukta. Hicho ni kipande cha sentensi, kishazi tegemezi kilichoachwa peke yake, na mwalimu ana haki ya kukisahihisha. Lakini badala ya kumwonyesha mtoto namna ya kukikamilisha, tukaambiwa tusiliguse neno kabisa pale mwanzoni. "Because my mother was sick, I did not come" ni sentensi kamili, na hakuna kanuni ya Kiingereza inayoikataa. Mtoto aliyekatazwa akikua bado anaogopa, na woga huo unampeleka kwenye maneno makubwa asiyoyazoea. Hapo ndipo anapoumia.

Sasa tuitazame "due to" yake. Sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Kiswahili chetu kinaligawa jambo hili vilevile kama Kiingereza. "Kwa sababu" hufuatwa na sentensi: kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Tukiongeza "ya", lazima ifuate nomino: kwa sababu ya ugonjwa wa mama. Ile "ya" yetu ndiyo "of" yao. "Because my mother was sick", lakini "because of my mother's illness". Na "due to", "owing to", "on account of", zote zinakaa upande wa "ya". Kwa hiyo "due to my mother was sick" ni sawa na mtu aseme "kwa sababu ya mama alikuwa anaumwa". Isome kwa sauti. Hakuna mtu aliyelelewa kwa Kiswahili ambaye sikio lake halitashtuka. Sikio hilohilo ndilo ninalotaka watu waende nalo kwenye Kiingereza.

Hata njia ya kati ipo kwetu. Tunasema "kwa sababu ya mama kuumwa", kitenzi tumekifanya nomino, na Kiingereza kinafanya hivyohivyo: "because of my mother being sick". Ila wengi hawaipiti njia hiyo, huchukua "due to the fact that". Si kosa la sarufi, maana "fact" ni nomino na sentensi inaning'inia nyuma yake. Lakini ni maneno matano kufanya kazi ya neno moja, na barua ya mtu anayeomba kueleweka haihitaji mzigo huo.

Kuna jambo jingine kuhusu "due to" ambalo nilichelewa kulijua, na nililipenda nilipolijua. Asili yake "due" ni kivumishi, chenye maana ya kinachodaiwa au kinachostahili. Kwa hiyo kwa muda mrefu wenyewe walitaka kiegemee nomino: "My absence was due to illness." Mtu akiandika "I was absent due to illness" walimwona amekosea, kwa sababu "due" hapo haina nomino ya kuegemea. H. W. Fowler, aliyechapisha kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, aliikemea waziwazi. Lugha haikumngoja. Mwaka 1957 Malkia Elizabeth alipofungua Bunge la Kanada kule Ottawa, hotuba aliyoisoma ilikuwa na sentensi iliyoanza na "Due to inability to market their grain". Leo matumizi hayo yako kila mahali, na anayekusahihisha kwa hilo anakuonea.

Kilichonivutia ni kwamba nasi tumepita njia ileile. "Ajali ilitokana na mwendo kasi." Hapo "ilitokana" ni kitenzi, na kile kiambishi "i" kinakuonyesha mwenyewe ni nani: ajali. Kisha tukasema "Kutokana na mwendo kasi, basi lilipinduka." Kipi kimetokana? Hakuna nomino inayoshikwa. Kitenzi kimejitenga kikawa kama kihusishi, na magazeti yote yanakitumia bila shida. Kwa hiyo nikiwa na mashaka na "due to", najaribu kwa Kiswahili: naweza kuweka kiambishi? Kifo kimetokana na, matatizo yametokana na, ucheleweshaji umetokana na. Kama naweza, "due to" itakaa pale kwa raha na hata mzee wa 1926 hatalalamika. Kama siwezi, natumia "because of". Kiingereza hakina viambishi vya ngeli vya kumsaidia mwenye nacho. Sisi tunavyo.

Tukija kwenye "that is why" ya yule kijana, hiyo ni "ndiyo maana" iliyovaa suti. Kwetu ni fasaha kabisa kusema "Kwa kuwa mama alikuwa anaumwa, ndiyo maana sikuja". Kiswahili kinapenda kulikaza jambo kwa "ndi-". Kiingereza kikishasema "because" kimemaliza. Ukiongeza "that is why", au "so", sababu imetajwa mara mbili. Ndugu yake ni "the reason is because". Sababu ni kwa sababu? Sababu ni kwamba, "the reason is that". Na kwa kuwa tuko hapo: "sababu ya" yetu moja hugawanyika kwao. Husemwa "the cause of the fire" lakini "the reason for my absence". "The reason of" naikuta kila wiki kwenye kazi ninazohariri.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la "kwa ajili ya", kwa kuwa linawagharimu watu wanaohitaji msaada. Kirai hiki kinabeba mambo mawili. Naweza kusema nimechelewa kwa ajili ya foleni, na naweza kusema naomba mkopo kwa ajili ya ada. La kwanza ni sababu, liko nyuma yangu. La pili ni lengo, liko mbele. Kiswahili kinayafunika yote, msikilizaji anaelewa. Kiingereza kinayatenganisha: "late because of traffic", lakini "a loan for school fees". Niliwahi kuletewa barua ya mama mmoja ya kuomba mkopo, imeandikwa "I request a loan due to school fees". Imesomeka kana kwamba ada ndiyo janga lililompata. Neno "for", herufi tatu tu, lingesema kila alichokusudia.

Upande wa pili wa mpaka kuna "kupelekea", ile ya "hali iliyopelekea vifo", ambayo ni "lead to" iliyohamishwa mzimamzima ilhali "kusababisha" ipo na haijachoka. Lakini hiyo nitaiandikia siku yake.

Ipo mitego ambayo lugha zote mbili zimetega pamoja, na hapo sikio halisaidii. "I did not resign because of the salary." Je, aliacha kazi kwa sababu nyingine, au hakuacha kwa kuwa mshahara ulimshika? "Sikuacha kazi kwa sababu ya mshahara" ina utata uleule. Mdomoni kiimbo kinatuokoa; kwenye karatasi hakuna kiimbo. Andika "I resigned, but not because of the salary", au "I stayed because of the salary", msomaji asibahatishe. Vivyo hivyo "since". "Since my father died, I have paid my brothers' fees": ni tangu, au ni kwa kuwa? Kama unataka kwa kuwa, andika "because" na uendelee na maisha.

Kijana wa reflekta nilimchapia hivi: "I was absent on Monday and Tuesday because my mother was in hospital." Akaisoma, akaigeuza karatasi kuangalia kama kuna kingine nyuma.

"Mbona fupi hivi, dada? Bosi ataona sijasoma."

Nikamweleza haya niliyowaeleza, kwa ufupi, maana foleni ya kopi ilikuwa ndefu. Akanisikiliza, akaafiki, lakini bado "due to" ilikuwa inamkaa moyoni. Alikuwa ameitafuta, ameifikiria, ameiandika kwa mkono wake. Nikarudi kwenye kompyuta, nikamwongezea mstari wa chini: "My absence was due to her illness only, and I am ready to resume work." Akaweka kidole juu ya skrini, palepale kwenye hilo neno, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Toa kopi mbili."