Paka Ameshachapisha, Wewe Bado

Jamani, kazi ya kutunga hadithi ina balaa moja: ukiifanya, unaonekana umekaa. Seremala akiwa kazini nyundo inalia, mtaa mzima unajua. Mwandishi akiwa kazini anatazama ukuta. Anayepita anamwona anatazama ukuta, basi anamtuma. "Si umekaa tu?" Na wa kwanza kuamini kwamba umekaa tu, tena kwa moyo wote, ni paka wa nyumba hiyo.

Kwa paka, binadamu aliyeketi ni godoro. Joto la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, na raha yake inaanza hewa inapofika nyuzi 30 na kupanda. Ndani ya nyumba joto hilo liko wapi? Mapajani mwako na juu ya kompyuta. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba anapenda fasihi. Anapenda mashine iliyopata moto. Manyoya yake yanaziba matundu ya feni, feni inavuma, mashine inazidi kuchemka, naye anazidi kunogewa. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili zima kila kitu, chomoa waya, zuia pangaboi la feni kwa kijiti cha plastiki lisizunguke, kisha puliza hewa iliyoshindiliwa kwenye kopo, kwa mafupi mafupi. Ukiliacha lizunguke kwa kasi ya upepo huo, unaua feni uliyokuwa unaitibu.

Sasa njoo kwenye kibodi, maana hapo ndipo penye msiba. Kompyuta ikiwekwa kasi ya juu, kitufe kilichokandamizwa hurudia herufi mara 30 hivi kwa sekunde. Paka akijilaza juu yake dakika 20 tu, hizo ni herufi 36,000. Ukurasa wa muswada, uliopangwa kwa nafasi mbili kati ya mistari na herufi za ukubwa wa 12, unabeba maneno 250 hivi, sawa na herufi 1,800 kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu. Piga hesabu: paka ameandika kurasa 20 akiwa usingizini. Wewe uliye macho, mwenye vipaji na kikombe, kwa siku ukipata mbili unajipongeza.

Kurasa zake 20 unazifuta, zinaisha. Mkasa ni pale anapokanyaga Ctrl na A, vitufe vya kuchagua maandishi yote, kwa mguu mmoja na herufi yoyote kwa mguu wa pili. Riwaya nzima imegeuka kuwa "j". Hapo usikimbie kumshika paka, na usifunge faili kwa hasira. Bonyeza Ctrl na Z mara nyingi kadiri inavyohitajika, sura zirudi. Ukishafunga faili, programu nyingi husahau njia ya kurudi nyuma. Programu ya Word kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila dakika 10, lakini hiyo ni ya siku mashine inapokata roho ghafla, si ya siku ulipohifadhi "j" kwa mkono wako mwenyewe. Na wale wanaosema "mimi sina wasiwasi, kazi yangu iko kwenye wingu", yaani hifadhi ya mtandaoni, wasikilize vizuri: wingu ni mtiifu kupita kiasi. Limeona riwaya imekuwa "j", limebeba "j" hiyo hadi kwenye simu na kompyuta ya pili, kwa kasi ya kusifiwa. Kinachokuokoa ni historia ya matoleo, yaani nakala za faili jinsi lilivyokuwa zamani, kama huduma yako inayo, nawe ujue mahali ilipojificha kabla ya siku ya kilio.

Dawa yenyewe inachosha, ndiyo maana hakuna anayeitumia. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kila unapoanza siku, nakili faili na uipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, kisha tarehe, ili zijipange zenyewe. Tuache majina ya "riwaya_mwisho", "riwaya_mwisho_kabisa" na "riwaya_mwisho_hii_ndiyo". Mhariri ukimtumia hilo la tatu anajua la nne linakuja. Na unapoinuka, hata kama unaenda kuchukua maji, funga skrini: kitufe cha Windows pamoja na L. Sekunde moja. Paka atabonyeza nenosiri mpaka achoke.

Mtu asiseme haya ni matatizo ya kompyuta. Huko Deventer, Uholanzi, yapata mwaka 1420, mnakili mmoja wa vitabu vya mkono aliacha kitabu wazi usiku, akaamka akakuta paka amekikojolea. Alichoka kiasi kwamba sehemu iliyobaki ya ukurasa aliiacha tupu, akachora pale picha ya paka, akamlaani paka huyo kwa Kilatini, kisha akawaonya wenzake wasiache vitabu wazi usiku mahali paka wanapofika. Onyo lina miaka 600 na bado hatujalisikia. Mbwa nao wasijione watakatifu. Mwaka 1936 mbwa mchanga wa John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, aliachwa peke yake usiku mmoja akatafuna karibu nusu ya muswada, kazi ya miezi miwili, na nakala nyingine haikuwepo. Nakala moja, mbwa mmoja, usiku mmoja. Steinbeck baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Wewe na mimi tusijaribu njia hiyo.

Lakini kinachouma zaidi ni cha mwaka 1975. Mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, aliandika makala peke yake lakini akatumia "sisi" mwanzo hadi mwisho. Akaambiwa jarida halitakubali "sisi" ya mtu mmoja. Kuipiga chapa upya kwa taipureta? Thubutu! Akamwongeza paka wake Chester kuwa mwandishi mwenza, kwa jina la heshima F. D. C. Willard, na makala ikatoka kwenye Physical Review Letters. Kwa hiyo duniani kuna paka aliyechapishwa kwenye jarida kubwa la fizikia, na kuna wewe, mwaka wa nne, sura ya pili.

Ratiba nayo ni ugomvi mwingine. Waandishi wengi hupenda alfajiri au jioni, wakati nyumba imetulia. Bahati mbaya paka ameumbwa kuwinda alfajiri na machweo, yaani saa zile zile. Anayelia mlangoni saa 11 alfajiri hana roho mbaya, ana zamu. Kosa letu ni kumpa chakula ili anyamaze. Umeshamfundisha: kulia kunaleta bakuli. Na ukikaza siku tisa ukalegea ya kumi, umefanya vibaya kuliko kulegea kila siku, kwa sababu sasa anajua kwamba siri ni kuvumilia. Afadhali kisanduku cha chakula chenye saa, kinachojifungua chenyewe asubuhi. Akianza kudai, aidai mashine. Kisha kabla ya kuketi kuandika, mchezeshe kwa kamba yenye manyoya dakika 10 hadi 15, mwache aikamate kweli mara kadhaa, ndipo umpe mlo. Maumbile yake ni kuwinda, kula, kujilamba, kulala. Ukiufuata mpangilio huo unapata saa mbili za amani. Ukimpa mlo kwanza na mchezo baadaye, umejiharibia mwenyewe.

Mezani weka sanduku la karatasi ngumu, pembeni ya kiwiko chako, lenye blanketi ndani, kimo kile kile cha kompyuta. Si chini, chini hakubali, chini ni kwa watu. Waholanzi, ambao naona suala la paka hawajalisamehe tangu Deventer, walichapisha mwaka 2014 utafiti wa paka wageni kwenye kituo cha wanyama: waliopewa sanduku la kujificha walitulia mapema kuliko waliokosa. Kama kikombe kimepinduliwa kwenye kibodi kabla sanduku halijafika, zima mashine papo hapo, chomoa waya, ifungue na uigeuze kifudifudi kama hema, iache siku moja hadi mbili. Usiiwashe "kujaribu tu". Kujaribu tu ndiko kunakoiunguza.

Sasa likizo. Mwandishi hana likizo, ana mahali pengine pa kutoandika. Mwili unaondoka, wahusika wanapanda kiti cha nyuma na kuanza kubishana. Kwa hiyo kabla ya kusafiri usimalize sura. Wengi wanakesha wamalize, eti waondoke na moyo mweupe, halafu wanarudi wamesimama mbele ya sura mpya kama mbele ya ukuta wa gereza. Acha tukio katikati, mtu ameshika kitasa cha mlango, kisha andika mistari mitatu chini yake: nani yuko nyuma ya mlango, anataka nini, nini kinamzuia. Ukirudi, soma kurasa mbili za mwisho tu. Anayeanzia ukurasa wa kwanza atakaa wiki nzima anang'arisha sura ya kwanza ambayo tayari inang'aa mpaka inaumiza macho.

Beba daftari dogo la kuingia mfukoni na penseli. Kalamu nyingi za wino zikipata maji ukurasa unakuwa bahari. Ukinasa wazo kwa sauti kwenye simu, lisemwe lote. Saa nane usiku unanong'ona "Mzee… mlango… kumbe siyo kaka!" na unalala ukitabasamu kwamba umepata riwaya. Wiki moja baadaye unausikiliza ujumbe huo mara 11. Mzee yupi? Mlango wa nani? Na kama siyo kaka, ni nani? Anayejua ni yule mtu wa saa nane usiku, naye hapatikani.

Paka umwache nyumbani. Anapenda eneo lake kuliko anavyokupenda wewe, ukweli ndio huo, umeze. Tafuta mtu wa kuja kila siku. "Nimemwachia bakuli kubwa" hailingani na mtu. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa mafuta kwenye ini, na bila mtu kupita nani atajua kwamba hali chakula? Andika karatasi moja: gramu za chakula, maji yabadilishwe kila siku, mchanga wa choo uchotwe kila siku, simu ya daktari wa mifugo, na pembe tatu anazojificha, ili mlezi asipige simu analia kwamba paka ametoroka kumbe yuko nyuma ya friji. Na yeyote anayetaka kukupongeza kwa kumaliza kitabu asilete shada la mayungiyungi, yale maua ya lily. Hata chavua yake aliyoilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo za paka.

Hapo nina ugomvi na wenzangu. Mwandishi huyo huyo aliyeacha maelekezo ukurasa mzima kwa paka wake, fungua riwaya yake uone. Shujaa anamiliki mbwa sura ya 2. Sura ya 5 anapanda meli kwenda kulipiza kisasi, anarudi sura ya 31. Mbwa je? Kafungiwa ndani? Nani alimpa maji? Wasomaji wanavumilia maiti saba bila kupepesa macho, lakini mbwa asiyelishwa kwa kurasa 200 wanamhesabia siku. Tengeneza jedwali: mnyama, tarehe ndani ya hadithi, yuko kwa nani. Jirani mmoja mwenye ufunguo, sentensi moja, inatosha. Kama hukumhitaji, usimweke. Na mimba ya paka ni siku 63 hadi 67 hivi. Huwezi kumpandisha wakati wa mazishi na kumzalisha kwenye arobaini. Vitoto vyake hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo kile kitoto cha siku mbili kinachomtazama msichana kwa huzuni kinatazama kwa nini? Farasi nao waonewe huruma. Mbio za kasi kamili anaziweza kwa kilomita chache, ninyi mnamkimbiza usiku kucha, asubuhi shujaa anashuka na kulalamika kwamba yeye amechoka.

Basi, sanduku la safari lifunge saa ile ile unayomaliza kupanga nguo. Ukiliacha wazi dakika tano tu, utamkuta katikati, juu ya shati jeusi, amejikunja, macho nusu. Chini yake kabisa, penye joto, ndipo ulipoweka daftari.