Moto wa Mei sio moto wa Oktoba
Hapo mnaposema wanasayansi ndio waliowafundisha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Arnhem Land kule kaskazini mwa Australia, kuchoma nyasi mapema ili kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, jamani mmegeuza mambo juu chini. Wazee wa kule walikuwa wanachoma tangu enzi na enzi, shida ilianza watu walipohamia kwenye misheni na mijini, nchi ikabaki bila watu wa kuchoma mapema, basi ikawa mwisho wa kiangazi unakuja moto mkubwa hauzimiki, unakula mpaka miti mizee na kuunguza miamba yenye michoro ya mababu zao. Wanasayansi walikuja kupima, na sawa, kupima ndiko kulikoleta hela, maana 2006 kampuni ya gesi pale Darwin ilikubali kulipa kama dola milioni 1 za Australia kwa mwaka kwa kazi hiyo ya kuchoma mapema, ili kufidia gesi inazotoa yenyewe. Nimeishi Darwin miaka minne, mwezi wa tano, kiangazi kikianza, unaona kamoto ka magotini kanatembea taratibu, mwewe wamejaa juu wanadaka panzi wanaokimbia, usiku umande ukishuka kanazimika kenyewe. Jaribu Oktoba uone. Ila mnaposema lazima helikopta itumike kuwasha moto nakubaliana na nyie, eneo la mradi ni kilomita za mraba 28,000 hivi huwezi kulimaliza kwa miguu, lakini kijana anayedondosha moto kutoka juu hajui jina la kijito wala nani mwenye nchi ile. Hivi humu kuna ambao kwao babu walikuwa wanachoma mapema kabla nyasi hazijakauka kabisa, na nani aliwakataza?