Tulitazame Tumbo Kabla ya Nusukaputi

Kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji huulizwa amekula nini na saa ngapi, na mara nyingi jibu lake ndilo linaloamua alazwe kwa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi, sasa hivi au asubiri. Kwa wagonjwa wa dharura wanaofikishwa hospitali za mjini Tanga, naona jibu hilo halitoshi. Penye shaka, tumbo lenyewe litazamwe kwa utrasaundi.

Aliyelazwa kwa dawa hawezi kukohoa wala kulinda koo lake, hivyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza wajawazito 66 waliopatwa na mkasa huo, katika mimba zaidi ya 44,000, akaonyesha jinsi asidi ya tumbo inavyounguza mapafu. Ndiyo sababu mtu mzima huagizwa kukaa saa 6 baada ya mlo mwepesi, 8 au zaidi baada ya mlo wa mafuta, na 2 baada ya maji.

Saa hizo, hata hivyo, zimepangwa kwa tumbo linalosaga chakula kama kawaida. Uchungu wa kuzaa, maumivu ya mfupa uliovunjika, kisukari cha muda mrefu na dawa kali za maumivu huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo majeruhi wa bodaboda aliyekula wali muda mfupi kabla ya ajali anaweza kuwa nao bado kesho yake asubuhi. Tena mgonjwa aliyesafirishwa kutoka Handeni au Lushoto, ambaye ndugu zake wamemnywesha uji njiani kwa huruma, huweza kuficha akihofia kwamba upasuaji utaahirishwa. Simlaumu hata kidogo. Ninachotaka ni kipimo kisichotegemea ujasiri wake wa kusema.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Mgonjwa hulala ubavu wa kulia, kifaa kikapitishwa chini kidogo ya chembe cha moyo, na mpimaji akatafuta sehemu ya mwisho ya tumbo, pale linapokaribia utumbo. Likiwa tupu, kuta zake huwa zimekutana. Maji huonekana meusi, na chakula kigumu huonekana kama ukungu mzito. Maji hukadiriwa ujazo wake kwa kupima eneo hilo na kuzingatia umri: yasipozidi mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito, hali hiyo huhesabiwa kuwa ya kawaida kwa mtu aliyefunga. Yakizidi, au kukiwa na chakula, upasuaji unaoweza kusubiri usubiri. Usioweza ufanywe kwa ganzi ya mgongo inapofaa, au mgonjwa awekewe kwa haraka mpira wa kupitishia hewa kooni mara tu alalapo.

Sisemi kila mgonjwa apimwe. Mama anayevuja damu asicheleweshwe kwa ajili ya picha. Ahesabiwe kuwa ameshiba na kazi ianze. Aliyewahi kupasuliwa tumbo hilo naye picha yake haiaminiki sana, na mpimaji anahitaji kufundishwa na kusimamiwa kwa wagonjwa kadhaa kabla ya kuachiwa peke yake. Lakini mashine ambayo wodi ya wazazi inaitumia mchana kuwatazama watoto tumboni inaweza kabisa kutumiwa usiku na wataalamu wa usingizi, mradi uongozi wa hospitali upange zamu zake na matokeo yaandikwe kwenye faili kabla ya sindano ya kwanza.