Laki na nusu kwa mwezi: mafunzo ya uzoefu kazini yanamsaidia nani?

Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Temeke, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zao wakiwa wamekaa majukwaani na karatasi mapajani zilizunguka nchi nzima, watu wakacheka, wakasikitika, wakaendelea na mambo yao. Mapema 2025 ikawa zamu ya Mamlaka ya Mapato, TRA: nafasi 1,596, maombi 135,027. Hiyo ni zaidi ya watu 84 kwa kiti kimoja, na kila mmoja wao ana cheti.

Kati ya matukio hayo mawili Serikali ilileta mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Mwongozo wake wa kitaifa ulitoka 2017 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na wakala wa ajira, TaESA, ndio unaosajili wahitimu na kuwapeleka kwa waajiri. Mhitimu hukaa huko miezi 6 hadi 12, hupewa posho ya kujikimu, na akimaliza huondoka na cheti cha kuthibitisha kwamba amefanya kazi. Posho inayotajwa mara kwa mara ni Sh150,000 kwa mwezi. Tusiyachanganye mafunzo haya na uanagenzi, unaompeleka kijana kujifunza ufundi, wala na fildi ambayo mwanafunzi huifanya kabla hajamaliza chuo. Hapa tunamzungumzia mtu aliyekwishavaa joho, akapiga picha na wazazi, akarudi kukaa nyumbani.

Wanaoitetea programu hii wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ile wasiyoisema kwa sauti. Kabla ya mwongozo huu vijana wa Dar walikuwa tayari wanapata uzoefu kwa njia ya kujitolea, na bado wapo wengi wanaojitolea hadi leo. Unaingia ofisi fulani pale Posta, unaingiza data, unapanga mafaili, unatumwa benki, hulipwi, na unaomba Mungu bosi akukumbuke siku nafasi ikitoka. Lakini hata huko kwenye kazi ya bure huingii hivi hivi. Anayeingia ni mwenye mjomba idara ya fedha, au shangazi anayesali kanisa moja na meneja. Mtoto wa mama lishe wa Mbagala akipeleka barua yake mapokezi, itabaki palepale mapokezi. Programu inayomwezesha kijana huyo kujisajili, akapangiwa mwajiri bila kumjua mtu, kisha akapewa na nauli, inagusa kitu ambacho hotuba za ajira huwa zinakiruka: nani anajua mlango uko wapi.

Hoja ya pili ni ya lile tangazo maarufu, “awe na uzoefu usiopungua miaka 3”. Aliyemaliza mwaka jana atautoa wapi? Mwaka mmoja kwa mwajiri anayetambulika, wenye barua na mtu wa kumpigia simu akuulizie, haufiki miaka 3 lakini si ukurasa mtupu. Waajiri nao wana kilio chao, na si cha uongo. Ukikaa na wenye kampuni za kati utasikia mambo yaleyale: kijana ana shahada nzuri lakini hajui kumjibu mteja kwa barua pepe, hawezi kukubali kwamba saa mbili ni saa mbili, hajawahi kugusa programu ya uhasibu inayotumika ofisini. Vitu hivi havifundishwi ukumbini na wanafunzi mia tano. Vinafundishwa na mtu aliyekaa meza ya pili yake.

Hadi hapo niko upande wa watetezi. Mashaka yangu yanaanza kwenye hesabu.

Kwa viwango vya nauli vilivyotangazwa Desemba 2023, daladala ya njia isiyozidi kilomita 10 ni Sh600. Chukua kijana anayepanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, jambo la kawaida kabisa kwa mtu wa Chanika au Mbagala ndani ndani anayefanya kazi katikati ya jiji. Hata tukichukua kiwango hicho cha chini kwa kila gari, ni Sh2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni Sh52,800. Zaidi ya theluthi ya posho imeishia kwa makondakta kabla hajanywa hata chai. Kinachobaki hakifiki laki moja, na ndani yake kuna chakula cha mchana, vocha, mashati mawili ya ofisini na kodi ya chumba, kama analipa. Ndiyo maana wengi hawalipi. Wanakaa kwa kaka, kwa dada, kwa mama mdogo.

Matokeo yake hayakukusudiwa na mtu yeyote, lakini yapo. Programu iliyokuja kumsaidia asiye na ndugu ofisini inamhitaji awe na ndugu mwenye nyumba. Mhitimu wa Kasulu au Newala akipangiwa mwajiri Dar es Salaam, swali la kwanza ni atafikia wapi, na asipokuwa na jibu nafasi inakwenda kwa mwingine aliye hapahapa mjini. Mchujo umehama kutoka mapokezi ya ofisi hadi sebuleni kwa mama mdogo.

Basi posho ipande, wengi watasema. Kima cha chini cha mshahara sekta ya umma kilipanda hadi Sh500,000 Julai 2025, na cha sekta binafsi kimepanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322 kuanzia Januari 2026. Kwa nini mwenye shahada anayefanya kazi saa nane kwa siku alipwe chini ya nusu ya kima cha chini? Swali la haki, ila nalo lina gharama yake. Bajeti ya Sh1,000,000,000 kwa posho ya sasa inawabeba vijana 555 kwa mwaka mzima. Kwa kima kipya cha sekta binafsi inawabeba 232. Hao 323 wanaobaki nje watakwambia laki na nusu ni ndogo lakini si sifuri, na sidhani kama mtu mwenye mshahara ana haki ya kuwabishia.

Mimi ningegusa muda kabla ya kugusa bajeti. Miezi 12 kwa Sh150,000 ni Sh1,800,000. Miezi 6 kwa Sh300,000 ni Sh1,800,000 ileile. Kwa pesa hiyohiyo kijana angeweza kupanga chumba, na nusu ya pili ya mwaka akaitumia kutafuta kazi akiwa na barua mkononi, badala ya kuendelea kupanga mafaili aliyokwishajua kuyapanga tangu mwezi wa pili. Nafasi yake ingekwenda kwa mwingine ikiwa bajeti itaruhusu. Zipo fani ambazo miezi 6 haitoshi, sikatai. Wahandisi wahitimu wana mpango wao chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi unaochukua miaka 3, na daktari hasajiliwi kikamilifu bila mwaka wa mafunzo hospitalini. Lakini kule muda ni sehemu ya taaluma yenyewe: kuna msimamizi, kuna daftari la kazi, na mwishoni kuna usajili. Kwa ofisa masoko au msaidizi wa rasilimali watu, sijaona anachofundishwa mwezi wa kumi ambacho hakukijua mwezi wa tano.

Na hapa ndipo waajiri wanapobanwa. Utetezi wao mkubwa ni kwamba wanahitaji muda wa kumjaribu mtu, kwa kuwa sheria inafanya kumwachisha kazi kuwe kesi ya kwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Si kweli kwa kiwango hicho. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Miezi 6 ya kujaribiana, kwa mshahara, tayari ipo ndani ya sheria. Mwajiri anayesema bila posho ya Serikali hawezi kumjaribu mtu anasema kitu kimoja tu: hataki kulipa. Ana haki ya kutotaka, biashara ni ngumu, na tozo ya kuendeleza ujuzi anailipa kila mwezi bila kuona inamrudishia nini. Lakini huko kutotaka kulipa tusikuite uhaba wa ujuzi.

Hatari ya programu kugeuka mtambo wa vibarua wa bei rahisi si ya kufikirika. Majirani zetu wa Kenya wameipitia mahakamani. Serikali yao iliajiri maelfu ya walimu wa sekondari ya chini kama walimu wa mafunzo, kwa kama Sh17,000 za Kenya kwa mwezi baada ya makato, wakati walikuwa wamehitimu, wamesajiliwa na wanafundisha vipindi sawa na wenzao. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini mjini Nairobi ikasema utaratibu huo unakiuka haki yao ya ajira yenye usawa. Mwaka huohuo madaktari waligoma wiki kadhaa, na mojawapo ya madai yao ilikuwa malipo ya madaktari walio mafunzoni. Kwetu bado hatujafika huko, pengine kwa sababu tunapenda kuvumilia, pengine kwa sababu idadi bado ni ndogo.

Kuna suala lingine ambalo halisikiki sana kwenye mijadala yetu, nalo linanisumbua kuliko posho. Mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya mwaka 2017 tafiti za programu za kuwasaidia watu kupata kazi katika nchi zinazoendelea, yakiwamo mafunzo ya ufundi. Wastani wake unavunja moyo: katika kila watu 100 wanaopitia mafunzo, wanaopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo ni kama 2. Ufaransa utafiti mkubwa uliochapishwa 2013 ulifuatilia wahitimu waliosaidiwa kutafuta kazi. Waliosaidiwa walipata kazi haraka zaidi, ila kwa sehemu kubwa walizipata kwa kuwatangulia wenzao ambao hawakuwa kwenye programu. Foleni ilikuwa na urefu uleule, waliobadilika ni waliosimama mbele.

Nadhani hivyo ndivyo ilivyo Dar es Salaam pia. Nafasi 1,596 za TRA hazikuwa zinangoja mtu mwenye cheti cha mafunzo kazini ndipo ziwe 3,000. Kama programu inatangazwa kuwa inapunguza ukosefu wa ajira, inatangazwa kwa jina lisilo lake. Inachoweza kufanya, na ni kitu cha maana, ni kubadilisha nani anasimama mbele. Ukiniuliza kama ni haki pesa ya umma itumike kumsogeza mtoto wa mama lishe amtangulie mtoto wa mkurugenzi, nitakujibu ndiyo bila kusita. Lakini basi tuipime kwa hilo. Tuambiwe waliopangiwa nafasi wametoka familia gani, wilaya gani, shule gani, badala ya kuhesabiwa tu vichwa vilivyopita.

Foleni hupungua pale tu mwajiri anapoongeza kiti, na hapo mahali anapopelekwa kijana panaleta tofauti kubwa. Kampuni binafsi ya usafirishaji wa mizigo kule Kurasini ikimpenda kijana, inaweza kumpa mkataba Jumatatu inayofuata. Ofisi ya umma haiwezi. Hata mkuu wa idara akikupenda kama mwanawe, ajira ya Serikali inahitaji kibali na tangazo, kisha usaili wa Sekretarieti ya Ajira, ambako utakaa chumba kimoja na maelfu ambao hawajawahi kukanyaga ofisi ile. Kwa upande mmoja ni haki, maana utaratibu huo ndio unaozuia wakubwa kuingiza watoto wao. Kwa upande wa mhitimu aliyemaliza mwaka katika halmashauri, ni mlango uliochorwa ukutani. Wakati huohuo ofisi za umma ndizo zenye njaa ya mikono, kwa hiyo ndizo zinazowapokea vijana kwa furaha.

Pendekezo linalosikika kwa wanaotaka programu ikazwe ni kuweka masharti: mwajiri anayechukua vijana kila mwaka bila kuajiri hata mmoja asipewe wengine. Nalipenda. Lingewatoa wale wanaobadilisha vijana kila miezi 12 kama tairi za bajaji, na kuwaachia nafasi wenye nia. Kwa kampuni binafsi ni sharti rahisi kulisimamia, maana TaESA inajua nani ilimpeleka wapi, na michango ya NSSF ingeonyesha kama kijana aliajiriwa palepale au la. Ugumu ni kwamba ukilitumia bila upendeleo, wa kwanza kufungiwa watakuwa halmashauri, wizara na taasisi za Serikali yenyewe. Kama sharti litaandikwa, swali la kuangalia ni kama ofisi hizo zitaachwa nje yake kimyakimya, au zitaambiwa zitenge sehemu ya vibali vyao kwa waliokwishafanya kazi humo kwa laki na nusu.