Kasha Dogo, Kazi Nzito: Kipimo ni Saa ya Sita

Ilikuwa saa mbili usiku katika ofisi yetu ya upimaji ramani jijini Dar es Salaam nilipoweka kiganja juu ya kompyuta ndogo ya mezani iliyokuwa ikichakata picha 1,140 za droni, nikakiondoa mara moja. Kasha lake, lisilozidi ukubwa wa kamusi nene, lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni, na kwenye kioo kasi ya prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu), iliyoanza mchana ikizidi GHz 5, ilikuwa imeteremka chini ya GHz 3. Muuzaji hakuwa ametudanganya. Vipimo alivyotuonyesha dukani vilikuwa vya kweli, isipokuwa vilikuwa vipimo vya dakika ya kwanza, ilhali kazi yetu wakati huo ilikuwa imeingia saa ya sita.

Tangu usiku ule nimefuatilia kwa makini mabishano ya wahandisi, wapima ramani na wahariri wa video kuhusu kompyuta hizi. Wako wanaosema kwamba zama za kasha kubwa zimekwisha, na ushahidi wao mkuu ni Mac mini ya Apple ya Novemba 2024, yenye upana wa sentimita 12.7 kila upande na kimo cha sentimita 5, ambayo ikinunuliwa ikiwa na chipu ya M4 Pro huwa na viini vya kuchakata, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, hadi 14. Wako pia wanaosema kwamba kasha dogo ni la kuandikia barua, na kwamba anayeishi kwa kazi nzito hana budi kununua kasha kubwa lenye feni tatu. Kila upande una hoja, lakini naona pande zote mbili zinapima ukubwa wa kasha kabla ya kupima kazi yenyewe.

Tuanze na joto. Prosesa ya Core i9-14900 ya Intel, yenye viini 24, imeandikiwa wati 65 kama kiwango chake cha kawaida, lakini inaruhusiwa kupanda hadi wati 219 inapopewa mzigo wote. Kasha kubwa lenye kipoza joto kizuri huweza kuibeba karibu na kilele hicho kwa muda mrefu, wakati kasha la lita moja, mfano wa ThinkStation P3 Tiny ya Lenovo, halina nafasi ya chuma wala hewa ya kufanya hivyo, kwa hiyo baada ya muda mfupi prosesa hurudishwa kwenye kiwango chake cha chini. Mnunuzi analipia jina lilelile la prosesa, lakini anapata mashine mbili tofauti.

Hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili ambao wapenzi wa makasha makubwa huuruka. Matumizi ya umeme ya prosesa hufuata kasi pamoja na mraba wa volteji, na kila kasi inapokaribia kilele volteji nayo lazima ipande, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mwendo hununuliwa kwa bei kubwa mno. Wati zikipunguzwa nusu, mwendo haupungui nusu. Ndiyo maana AMD iliweka kwenye prosesa zake za mezani, ikiwamo Ryzen 9 7950X yenye viini 16 na kiwango cha wati 170, mpangilio unaoishusha hadi daraja la wati 65, nayo ikaendelea kufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Kusukuma chipu hadi ukingoni kuna gharama nyingine pia: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya volteji iliyopita kiasi, ikatoa marekebisho ya programu ya ndani na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Anayeendesha prosesa kwa utulivu ndani ya kasha dogo lililosanifiwa vizuri hapotezi sana kama inavyodhaniwa. Neno la kushika hapo ni kusanifiwa vizuri, na yetu haikuwa hivyo.

Jambo la pili ni wingi wa viini. Mwaka 1967 mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alieleza hesabu ambayo hadi leo haijapitwa: sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka mpaka wa mwendo wote. Ikiwa asilimia 10 ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua, viini 16 vitaiharakisha mara 6.4, viini 32 mara 7.8, na hata viini 96 havitafikisha mara 10. Programu ya OpenDroneMap tunayoitumia kugeuza picha za droni kuwa ramani inaonyesha jambo hili waziwazi. Hatua ya kutafuta alama katika kila picha huvijaza viini vyote. Kisha inapofika kazi ya kuunganisha picha moja baada ya nyingine ili kujua kamera ilikuwa wapi, viini vingi hukaa kimya huku kimoja kikihangaika. Kwa kazi ya namna hii, viini vichache vyenye kasi ndani ya kasha dogo huweza kukaribiana sana na mashine ya bei mara tatu. Anayechora filamu za katuni, ambako kila fremu inajitegemea, yuko katika hali tofauti kabisa, na yeye namwambia bila kusita anunue viini vingi kadiri mfuko unavyoruhusu, na kasha la kuvibeba.

Kwangu mimi, hata hivyo, jambo zito kuliko yote ni kumbukumbu, yaani RAM. Prosesa dhaifu hukuchelewesha. RAM ikipungua kazi hufa. Mwongozo wa OpenDroneMap wenyewe unapendekeza takriban GB 32 kwa picha 500, GB 64 kwa picha 1,500 na GB 128 kwa picha 2,500. Kijiji kimoja kinatosha katika GB 64, ila kata nzima ya mjini haitoshi. Na hapa ndipo makasha madogo yanapotofautiana kuliko yanavyofanana. Katika Mac mini ya M4 Pro, mwisho ni GB 64, na kiasi ulichochagua siku ya kununua ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. Framework Desktop, iliyotangazwa mwaka 2025 na kampuni iliyojijengea jina kwa kompyuta zinazofunguka na kurekebishika, hufika GB 128 ndani ya kasha la lita 4.5, lakini nayo kumbukumbu yake imelehemewa kwenye bodi. Sababu ni ya kiufundi: njia pana kati ya prosesa yake ya Ryzen AI Max na kumbukumbu hiyo inahitaji nyaya fupi mno ili kubaki na kasi ile.

Nilikumbana na jambo hilo ana kwa ana nilipopeleka mashine yetu kwa fundi Kariakoo, nikitaka aniongezee RAM. Alifungua skrubu nne, akamulika kwa tochi ya simu, akanigeuzia kasha nione mwenyewe. “Bosi, hizi zimechomelewa kwenye bodi,” akasema. “Hapa hakuna cha kuchomoa.” Chipu nane nyeusi zilikuwa zimepangwa kuizunguka prosesa, na hapakuwa na nafasi hata moja tupu. Nililipa gharama ya kufunguliwa tu na kurudi ofisini.

Wapo watakaosema kwamba tulipaswa kununua kubwa tangu mwanzo. Huenda, lakini wanaosema hivyo mara nyingi hawajahesabu umeme wa mahali tulipo. Simaanishi bili. Kasha kubwa linalotumia wati 300 kwa saa 10 hula uniti 3, na kwa bei ya nyumbani ya zaidi kidogo ya shilingi 350 kwa uniti, tofauti yake na kasha la wati 120 haifiki shilingi 700 kwa usiku mmoja. Tofauti inayouma iko kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoibeba kompyuta umeme unapokatika. Ile ya VA 650 inayopatikana karibu kila duka hubeba chini kidogo ya wati 400, kwa hiyo kasha kubwa pamoja na kioo huikaribia kikomo chake, na betri humalizika kabla hujafika kwenye jenereta. Kasha la wati 120 huipa UPS hiyohiyo nafasi ya kupumua. OpenDroneMap hukumbuka hatua zilizokamilika, lakini hatua iliyokatizwa huanza upya, na hatua moja inaweza kuwa ya saa tatu. Tena kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto chumbani, na mwezi Februari, Dar es Salaam, kiyoyozi ndicho kinachobeba mzigo huo.

Kabla ya yote hayo kuna swali la programu, nalo halichukui muda: anayetegemea programu za ramani na usanifu kama ArcGIS Pro au Civil 3D anahitaji Windows, na kwake Mac mini, pamoja na sifa zake zote, inatoka kwenye orodha.

Nikiyaweka pamoja, nachagua njia ya katikati ambayo pande zote mbili huisahau: kasha la lita 10 hivi linalopokea bodi mama ndogo ya aina ya Mini-ITX, yenye sentimita 17 kila upande, prosesa ya kawaida ya mezani yenye viini 16 iliyoshushwa hadi daraja la wati 65, na RAM inayochomoka. Bodi hizi zina nafasi mbili tu za RAM, lakini kwa vipande vya GB 48 unapata GB 96, na kipande kikiharibika fundi wa Kariakoo anakibadilisha siku hiyohiyo. Kasha lenyewe linaingia chini ya meza na UPS ndogo inalimudu. Ambaye kazi yake haitavuka GB 64, na programu zake zinakubali, achukue kile kidogo zaidi, nami nitamuunga mkono, mradi achukue GB 64 siku hiyohiyo ya kwanza.

Na kabla ya kulipa, aende dukani na picha zake mwenyewe kwenye diski, aombe mashine iachwe ikifanya kazi kwa saa nzima huku kiyoyozi cha duka kimezimwa, na aandike kasi ya prosesa ya dakika ya 5 na ya dakika ya 60. Sisi tulipofanya hivyo mara ya pili, muuzaji alishangaa kidogo, akatuletea viti, na namba mbili tulizoondoka nazo zilikuwa karibu sawa.