Mwanafunzi wa Usanifu Majengo Aanze na Jua na Upepo wa Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, na hasa baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, ujenzi katika mji huu haujapumzika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 765,179 katika jiji lote, na anayepita Iyumbu, Nzuguni au Ihumwa baada ya miezi michache hukuta mapaa mapya mahali palipokuwa na vichaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya Dodoma watakayoishi wajukuu wetu bado haijachorwa, na watakaoichora wako vyuoni sasa hivi. Ndiyo maana namna wanavyofundishwa inatuhusu sisi wakazi, wala si jambo la wahadhiri peke yao.

Kwa kadiri nilivyowaona wanafunzi wanaokuja huku kwa mafunzo ya vitendo, somo la hali ya hewa na majengo wamelisoma na wamelifaulu. Tatizo ni mahali lilipowekwa. Wamelisoma kama nadharia, wakalijibia mtihani wa karatasi, kisha wakarudi studio, yaani darasa la kubuni na kuchora, kuchora majengo yanayopewa alama kwa umbo, kwa mpangilio wa vyumba na kwa uzuri wa michoro. Maoni yangu ni kwamba somo hilo lihamie studio lote, na jengo lisilojibu jua, upepo na mvua ya kiwanja chake lisipite, hata kama limechorwa kwa ustadi wa kuvutia macho.

Hapa Dodoma hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu wabunifu majengo wetu wengi wamesomea pwani. Kule joto la usiku halitofautiani sana na la mchana, hewa imejaa unyevu, na mwili hupata nafuu pale tu upepo unapopita, hivyo mwanafunzi hujifunza kufungua nyumba pande zote. Dodoma iko takriban meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki hewa yake ni kavu. Mwezi Novemba joto la mchana hupita nyuzijoto 30, ilhali usiku wa Julai hushuka hadi kwenye 13 hivi. Upepo wa kiangazi unaotoka mashariki na kusini-mashariki huja na vumbi. Nyumba iliyofunguliwa kila upande kwa kanuni ya pwani hukusanya vumbi hilo juu ya vitanda na sufuria, na ifikapo saa nane mchana huingiza hewa yenye joto kuliko ile iliyokuwa ndani. Kinachofaa hapa ni kufunga mchana, kufungua usiku na kuwa na ukuta mzito wa kuhifadhi ubaridi wa alfajiri.

Lipo jengo moja la ofisi mjini ambalo sitalitaja, lenye uso wa vioo uliotazama magharibi. Ukiingia humo saa kumi alasiri utakuta mapazia yamefungwa kutoka kona hadi kona, taa zote zinawaka na viyoyozi vinanguruma, na wafanyakazi wa upande huo wamesogeza meza zao hadi ukutani kwa ndani. Vioo vilinunuliwa kwa ajili ya mwanga, pazia likanunuliwa kwa ajili ya vioo, na umeme unalipiwa kwa ajili ya vyote viwili. Hesabu ya kuliepuka jambo hilo haihitaji kompyuta. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, na mwezi Desemba huhamia kusini likiwa juu zaidi. Dirisha lenye kimo cha meta 1.2 linalotazama kaskazini hufunikwa na kipaa, yaani kivuli kinachochomoza juu ya dirisha, cha sentimeta 70 tu wakati huo wa adhuhuri. Lihamishie magharibi, ambako saa kumi na moja jioni jua liko chini ya nyuzi 30, na kipaa hicho kitahitaji kuzidi meta mbili, jambo ambalo hakuna mteja atakayelikubali. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake, juu ya kiwanja alichosimama, hatasahau kuchora mshale wa kaskazini, mshale ambao nimeukosa katika michoro mingi mno.

Kuhusu tembe, nyumba za jadi za Wagogo wa huku, nadhani zinahitaji kusomwa kwa makini zaidi kuliko zinavyosifiwa. Ukuta wa miti na udongo na paa bapa lililobebeshwa udongo hupokea joto la mchana polepole, na umbo la kuzunguka ua huwakinga watu na mifugo dhidi ya upepo. Wakati huohuo tembe ilikuwa na giza na moshi, paa lake lilivuja katika mvua kubwa na mchwa walikula nguzo zake, na hakuna haja ya kumtaka mwanafunzi ajifanye hayajui hayo. Ninachotaka ni apewe kipimajoto, akipime chumba chenye ukuta mnene wa udongo na chumba cha bloku za inchi sita chini ya bati lisilo na dari, tangu alfajiri hadi usiku, kisha achore mistari miwili kwenye karatasi moja. Ataona pia udhaifu ambao wapenda udongo hawausemi sana: ukuta mzito huachia joto lake jioni, na usipofungua madirisha usiku unalala ndani ya joto la mchana. Kufungua nako kuna mbu na wezi, kwa hiyo nyavu, nondo za dirisha na matundu ya juu ya ukuta ni sehemu ya usanifu tangu mchoro wa kwanza. Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa mwaka 2022 Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, aliinua bati la shule ya kijijini kwao Gando juu ya dari ya matofali ya udongo ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka. Nchi yake ina ukame kama wetu, na wanafunzi wetu wangenufaika kwa kuyapima majengo ya namna hiyo badala ya kuyatazama pichani.

Kwenye ngazi ya mji mambo ni mazito zaidi, kwa sababu barabara ikishapimwa haigeuzwi. Mpango mkuu wa kwanza wa makao makuu, uliotayarishwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa majengo ya chini, wenye kutegemea mabasi na miguu. Ningependa kila darasa la usanifu na mipango miji liuweke mpango huo juu ya picha za leo za setilaiti na kuhoji ni nini kilibaki. Kisha watembee mchana wa Oktoba kutoka kituo cha basi hadi ofisi yoyote ya umma, wahesabu hatua zilizo kivulini, na wapendekeze mti upi upandwe wapi na nani atamwagilia, maana miche mingi hupandwa kwa shangwe ikafa Agosti. Wafuate pia makorongo, ambayo yakiwa makavu huonekana kama viwanja vya bure na mvua ikinyesha maji hurudia njia yake. Paa la meta za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 50,000 za mvua kwa mwaka. Mwanafunzi aoneshe kwenye mchoro zinaelekea wapi.

Wahadhiri watasema kwamba mteja anataka vioo, na ni kweli anavitaka, kwa sababu ndivyo alivyoviona kwa jirani. Lakini mteja huyohuyo ndiye anayenunua umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika. Akioneshwa kwamba kuzungusha jengo robo ya mduara juu ya kiwanja hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji, ilhali kunapunguza idadi ya viyoyozi, husikiliza. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuandaa makadirio hayo na kuyaambatanisha na michoro ya wazo la awali, kabla mteja hajaupenda uso wa jengo na kabla faili halijapelekwa kuombewa kibali cha ujenzi.